Shemeji Anaenda, Haendi

Shemeji si shemeji wa mtu yeyote mtaani kwetu. Ilivyokuwa ni kwamba mumewe, fundi rangi, alihamia hapa akiwa kapera, akazoeana na kila mtu, na siku alipoleta mke kila mtu akamwita shemeji. Wanaume, wanawake, mpaka watoto. Nimewahi kumsikia binti yake mwenyewe, alipokuwa mdogo, akimwambia, "Shemeji, nataka maji." Akachapwa kofi dogo la mgongoni, kisha akapewa maji.

Kazi yake ni ususi. Saluni anayofanyia imepakana na kibanda changu cha viatu, na kati yetu kuna ukuta wa mbao ambao mumewe aliupaka rangi upande mmoja tu, upande wao. Kwa hiyo haya ninayowasimulia sikwenda kuyatafuta. Yalinifuata nimekaa na sindano yangu, kiatu cha mtu kikiwa gotini.

Wasusi pale ni wawili, Shemeji na mwenzake tunayemwita Redio. Kwa nini Redio, ukikaa naye dakika moja hutauliza tena. Akifungua mlango wa saluni asubuhi, na mdomo umefunguka, na vyote viwili vinafungwa jioni. Hawa wanasuka kichwa kimoja pamoja. Mteja anakaa katikati, Shemeji anashika kushoto, Redio anashika kulia, kila mmoja anaanzia sikio la upande wake na kupanda, wakutane utosini. Hawapimi, wala hawakubaliani kwanza mistari iwe minene au myembamba. Redio anapiga soga, na mikono minne inafuata soga, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Kisa kikipamba moto vidole vinakimbia. Redio akishusha sauti kwa sababu amefika kwenye siri ya mtu, vidole vinatulia. Kichwa kikitoka pale kimelingana, ungedhani kimesukwa na mtu mmoja aliyejaliwa mikono ya ziada. Wenye haraka wanakwenda kwao kwa sababu wanamaliza upesi. Wasio na haraka wanakwenda kusikiliza.

Sasa Madamu, mwenye saluni, akafungua tawi. Si hapa mjini, bali Kule. Sisi tunasema Kule tu, na kila mtu anaelewa. Ni ule mji mpya wa pembeni, ukishapita viwanda na yale mashamba yaliyowekewa vigingi, wenye nyumba za geti zinazofanana kama sabuni za mche mmoja. Akamwita Shemeji nje, wakasimama mbele yangu, na mimi nikahesabiwa kuwa kigoda.

"Shemeji, nataka ukaniongozee saluni ya Kule," akasema Madamu. "Utakuwa mkubwa wa pale. Wasichana watakuwa chini yako, uwafundishe mkono wako. Nyuma kuna nyumba ya kuishi, uhamie na watu wako."

"Mimi?"

"Kwani naongea na fundi viatu?"

"Na Redio je?"

"Hapa nimwachie nani? Redio anabaki. Nenda ukafikirie, Jumamosi ijayo unipe jibu."

Mtu mwingine angeruka. Tangu usichana wake Shemeji amesukia kwenye kiti cha mtu mwingine. Kwenda kumwona mwalimu wa mtoto, anaomba ruhusa. Kubadilisha tu mahali pa kuweka kioo, anaomba ruhusa. Safari hii yeye ndiye angeombwa ruhusa. Lakini hapa kuna shule ya binti yake, kuna mama mkwe anayempokea huyo binti akirudi, kuna mtaa mzima unaomwita shemeji bure bila undugu, na kuna Redio. Akarudi ndani akashika kitana, akasimama upande wa kulia. Redio akamwambia, "Shoga, hapo ni kwangu." Ndipo nikajua mambo yameanza.

Jioni akamwuliza mumewe. Huyu fundi rangi ni mtu mwema sana, ila ana ugonjwa wa neno moja.

"Twende au tusiende?"

"Unavyoona wewe."

"Nakuuliza unavyoona wewe!"

"Mimi naona unavyoona wewe."

Nilimtetea bwana huyu mbele ya mke wangu, kwa sababu naelewa ugonjwa wake ulikotoka. Mwaka waliooana alitoa wazo moja, kwamba kitanda kikae dirishani. Mvua ikaingia. Wazo hilo analisikia mpaka leo kila wingu likijikusanya. Mtu wa namna hiyo hawezi kukwambia hama mji.

Akaenda kwa mama mkwe, anayelala chumba cha nyuma. Mama mkwe hakumwacha amalize. "Nendeni, wanangu! Nendeni hata kesho!" Shemeji akatoka amevimba. Asubuhi yake Redio alikuwa ameenda kununua nywele za kusukia, basi mimi ndiye niliyepewa mzigo.

"Fundi, mama mkwe amefurahi mno. Kwa nini afurahi hivyo? Nimemkosea nini?"

"Si unataka watu wakubali?"

"Wakubali, ndiyo, lakini si kwa kupiga makofi!"

Yule mama naye si mjinga, akaona mkwe amenuna. Usiku wa pili akageuza: "Nimefikiri, msiende. Mtaniacha na nani?" Shemeji akanuna zaidi. Eti sasa anataka kumfunga kamba. Bibi wa watu akaamua kuumwa kichwa mpaka suala lipite.

Basi Shemeji akahamia kwa wateja, na hapo ndipo alipokoroga uji kabisa. Anasuka, anauliza. "Mama, ungekuwa wewe ungehamia Kule?" Sasa niambieni, mtu ambaye nywele zake mmezikamata pande zote mbili, shingo imepinda, atakupinga? Shemeji akisema, "Kule kuna utulivu," mteja anasema, "Utulivu ni kitu kikubwa." Akisema, "Ila ni mbali," mteja anaugulia, "Mbali mno, aah, polepole hapo, mbali mno." Ikifika saa ya kufunga kila mteja amesema nenda na kila mteja amesema usiende, na Shemeji anayachukua yote kama ushauri. Njia mbili zilimshinda fisi, ila fisi angalau hakuwa na wateja.

"Wewe waachie vichwa vyao," nikamwambia siku moja. "Waulize wakishasimama."

"Wakishasimama wanaondoka, fundi."

Alhamisi Madamu akaona heri ampeleke kwa gari akajionee. Walirudi alasiri. Nilidhani atarudi amekata shauri, kumbe alirudi na mkanganyiko mpya, umefungashwa vizuri. Akavuta kiti chake mpaka mlangoni pangu, akasimulia.

"Saluni ni nzuri, fundi. Mlango wa kioo. Viti unavikanyaga chini, mteja anapanda juu, unasuka umesimama wima kama daktari. Mgongo hautauma. Nyumbani nyuma, bomba liko ndani. Jikoni! Nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua. Madamu akaniuliza, 'Kuna nini?' Nikamwambia naangalia kama ni la kweli."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Watu hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Barabara ndefu, nyumba, mageti, mbwa nyuma ya geti. Nikamwuliza Madamu, watu wako wapi? Akasema wako kazini. Wote? Wote. Wanarudi jioni. Na mchana nitamsuka nani? Akasema watapiga simu kabla ya kuja." Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeujenga ule mji. "Fundi, mtu anapigaje simu kwenda kusukwa? Si unapita tu, unaona kiti kiko wazi, unaingia?"

"Huo ndio ustaarabu."

"Nilisimama dukani kununua maji. Mwuzaji akaniambia karibu, asante, kwaheri. Basi! Hakuniuliza hata natoka wapi. Nimekasirika njia nzima." Akainuka kurudisha kiti chake. "Lakini lile bomba..."

Sasa katika kelele zote hizo, kuna mtu mmoja hakusema kitu, na mtu huyo ni Redio. Tangu Madamu alipotaja Kule, Redio alizimika. Mwanzoni nilifurahi, sifichi, nilishona soli nzuri sana wiki ile. Halafu ukimya ukaanza kuniwasha. Redio huyu ndiye aliyetutangazia mimba za watu kabla wenyewe hawajajua. Leo mwenzake wa miaka yote anataka kuhama, yeye yumo katikati, na anauliza tu, "Hizi nywele tumalizie na maji ya moto au tuache?" Shemeji hata hakuona. Yeye alikuwa na masikio ya kusikiliza wateja peke yao.

Ijumaa akaja nesi. Huyu ni mteja wao wa zamani, mwanamke mpole lakini ana ulimi, na jioni hiyo alikuwa na shughuli ya kazini kwao. Akakaa. Shemeji kushoto, Redio kulia. Nesi alikuwa ametoka zamu ya usiku, akasinzia papo hapo. Shemeji akasuka huku anawaza bomba. Redio akasuka huku anawaza lake. Soga hakuna. Na kama nilivyowaambia, hawa wawili hawakuwahi kupima kitu kwa macho, walikwenda kwa maneno. Maneno yalipokatika, kila mkono ukashika safari yake.

Nikasikia nesi ameamka. Halafu:

"Jamani."

Kiti kikalia akigeukia kioo.

"Jamani, nauliza tu. Nilikuja hapa na vichwa viwili?"

Nikachungulia, ungefanyaje. Upande wa kushoto mistari ilikuwa myembamba kama uzi wa kushonea, imekaza mpaka jicho la kushoto la nesi limepanda. Upande wa kulia mistari minene kama kamba ya kufungia ng'ombe, na imelegea. Utosini haikukutana kabisa, ilipishana kama watu wasiosalimiana. Ukimwangalia upande huu ni binti wa shule, ukimwangalia upande ule ni shangazi wa mtu.

"Mkiwa mmegombana mngeniambia," nesi akasema, "ningekwenda kusukwa kwa watu wanaopendana."

"Hatujagombana," akasema Shemeji.

"Basi gombaneni, mmalize, mnisuke."

Wakaanza kufumua. Kufumua ni kazi ya kukera, na mikono ikikereka mdomo nao unalegea. Shemeji akasema, "Shoga, wewe ndiye hukushika kipimo." Redio akasema, "Mimi? Wewe ambaye wiki nzima uko Kule na mwili uko hapa?" Shemeji akasema, "Na wewe wiki nzima hujaniambia hata neno! Kila mtu ameniambia. Mpaka fundi viatu ameniambia! Wewe, kimya!"

Redio akaweka kitana chini.

"Ungetaka nikwambie nini?"

"Unavyoona!"

"Haya. Madamu aliniita na mimi. Siku ile ile uliyoitwa wewe. Akaniambia, Shemeji akikataa, nitakupeleka wewe, hapa nitatafuta mtu. Na mimi nataka. Umesikia? Nataka. Nikikwambia nenda, najinyima. Nikikwambia usiende, siku ukijua utaniona nyoka. Sasa ungekuwa mimi ungesema nini?"

Sindano yangu ilisimama hewani. Hata nesi, nywele nusu zikiwa zimesimama wima, hakuomba kioo.

"Wewe?" Shemeji akauliza. "Wewe uende Kule ufanye nini? Kule hakuna mtu wa kuongea naye!"

"Ndiyo maana!" Redio akasema. "Hapa nimezaliwa. Nikikohoa, mtaa mzima unajua nimelala dirisha wazi. Mambo yangu yote nimeyasema mwenyewe kwa mdomo huu, sina hata moja lililobaki. Nataka mahali nikiingia dukani mtu aniambie karibu, asante, kwaheri. Basi. Uliposimulia umekasirika, mimi nilikuwa namezea mate."

Tuliomzoea Redio tunajisifu kwamba tunamjua kama kiganja. Mimi ninayekaa ubavuni mwake nilibaki mdomo wazi. Wakamsuka nesi upya, Redio akihesabu mistari kwa sauti kama mtoto wa chekechea, na nesi akaondoka na kichwa kimoja.

Shemeji aliponiaga jioni alikuwa amepauka. "Fundi, unajua aliposema anataka, nilitaka kufanya nini? Nilitaka kumnyang'anya kitana. Nikasema moyoni, bomba langu hilo!"

"Basi umejua. Unataka kwenda."

"Nimejua. Na nikijua ndiyo nimezidi kuvurugika. Zamani nilikuwa sijui ninachotaka. Sasa nakijua, na ni cha mwenzangu."

Yaliyotokea kwake usiku ule fundi rangi alinisimulia mwenyewe. Shemeji alimweleza yote, safari hii hakumwuliza kitu. Akamaliza, akakaa. Na yule bwana wa unavyoona wewe akasema, "Mimi ningekwenda."

Shemeji akaruka. "Wiki nzima nakuuliza!"

"Wiki nzima ulikuwa unaniuliza kama unavyowauliza wateja wako. Umenishika nywele, unataka nitikise kichwa. Na mimi sina hata nywele." Ni kweli, ana upara uliokomaa. "Kule kuna kuta nyingi, mke wangu. Kazi nitapata. Mama atakuja, anapenda bomba kuliko wewe, ila anaogopa kusema."

"Na Redio?"

Hapo akarudi ugonjwani. "Hapo, unavyoona wewe."

Shemeji hakulala vizuri, lakini alfajiri alikuwa ameshakata. Alikuja mapema, kabla ya Redio, akaniambia: "Nimeamua, fundi. Nitamwambia Madamu ampeleke Redio. Mimi nina mume, nina mtoto, nina mama mkwe, nina ninyi. Yeye ana nini? Nitabaki." Nikampongeza. Akayarudia maneno hayo akifagia, nikayasikia kupitia ukutani, "Mpeleke Redio, mimi nitabaki," kama mtu anayekariri aya.

Madamu akafika, amevaa miwani ya jua kichwani. Redio alikuwa anapanga vitana, ametugeuzia mgongo.

"Enhe, Shemeji. Unasemaje?"

Shemeji akafungua mdomo.

"Naenda," akasema.

Naapa alishtuka kuliko sisi sote. Aliushika mdomo wake kwa mkono, kama mtu aliyepaliwa. Madamu akasema vizuri, hongera, akaanza kueleza habari za funguo na lori la mizigo, na sidhani kama kuna aliyesikia. Madamu alipoondoka, Shemeji akabaki katikati ya saluni.

"Nilikuwa nataka kusema wewe ndiye uende," akamwambia Redio. "Nilikuwa nimejiandaa. Muulize fundi!"

Mimi nikainamia kiatu. Kuna ushahidi mtu hautoi.

"Najua," Redio akasema. "Nilifika ukifagia, nikakusikia."

"Niende nikamwambie abadilishe? Bado yuko garini."

Redio akalifikiria hilo, nililiona linapita usoni mwake kutoka huku mpaka kule. "Ukienda kumwambia," akasema, "utakuwa umenipa. Na mimi sitaki kupewa. Nenda zako, Shemeji."

Hawakusemezana tena siku ile. Wala iliyofuata. Wateja walikuja, wakasukwa kwa kuhesabu mistari, wakaondoka wanalalamika kwamba saluni imekuwa kama benki.

Siku moja kabla ya lori, Redio akatokea mlangoni akamkuta Shemeji anafunga vyombo vyake kwenye kanga. Akavuta kiti, akakipiga kwa kiganja.

"Kaa."

"Nikae nini?"

"Huwezi kwenda kuongoza saluni na kichwa hicho. Watasema umeokotwa. Kaa."

Akamsuka peke yake, kushoto na kulia, tangu asubuhi mpaka jua linapunga. Na alimsuka kwa hasira, jamani. Kila mstari alioushika aliukaza mpaka ukalia. Shemeji akasema, "Aah, shoga, polepole," Redio akasema, "Tulia." Akasema tena, "Unaniua," Redio akasema, "Hufi." Machozi yakawa yanamtiririka Shemeji, na Redio naye anapangusa pua kwa bega kwa sababu mikono ina kazi. Nilipopita kwenda kutafuta gundi, nikawauliza nani amekufa. Wote wawili wakanitukana kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze walicheka kidogo, halafu wakakumbuka na kuacha.

Kilikuwa kichwa kizuri kuliko vyote nilivyoviona vikitoka pale. Ila kilikaza mno, nyusi zikapanda juu, macho yakamtoka, akawa kama mtu aliyefunguliwa mlango akaona simba. Hawezi kufumba vizuri, hawezi kukunja uso. Ndivyo alivyopanda lori, katikati ya magodoro, na mumewe, na binti yao, na mama mkwe ambaye kichwa kilikuwa kimepona.

Juzi fundi rangi alipita kunisalimu, akanieleza mengine. Anasema siku za mwanzo wenyeji wa Kule walikuwa wakimwona mkewe wanapunguza mwendo wa magari, wanamsikitikia, wanadhani mama wa watu ameshangazwa na mji wao. Mteja wa kwanza, mmoja wa wale waliopiga simu, alikaa kwenye kiti cha kukanyaga, akamtazama kwenye kioo, akashindwa kuvumilia.

"Dada, samahani. Mbona umeshtuka hivyo? Kuna tatizo?"

"Ni nywele," Shemeji akasema.

"Zinauma?"

"Zinauma."

"Si uzifumue?"

Fundi rangi anasema mkewe aligusa mstari mmoja utosini, akauacha. Kisha akamwuliza yule mama anataka mistari minene au myembamba, akaanza upande wa kushoto.